Jimmy Murphy: Msaidizi aliyeibeba Manchester United mabegani

KLABU ya soka inapomwajiri kocha msaidizi, habari hizo aghalabu hupewa aya mbili tatu chini ya ukurasa. Mashabiki hutaka kujua ni nani atafunga mabao na ni nani atapigwa kalamu. Jina la mtu atakayeketi kando ya meneja hupita masikioni mwao kama upepo.

Hata hivyo, katika historia ya Manchester United, klabu yenye wafuasi lukuki humu nchini, uamuzi mmoja wa kumwajiri msaidizi ulikuja kuwa na uzito kuliko ununuzi wa mchezaji yeyote. Kama si uamuzi huo, yamkini klabu hiyo ingeshindwa kuukamilisha msimu wa 1957-58.

Msaidizi huyo aliitwa James Patrick Murphy, maarufu kama Jimmy Murphy. Kwa miaka 25 alifanya kazi nyuma ya kivuli cha Matt Busby. Alitoka kivulini mara moja tu, pale msiba ulipomlazimu kufanya hivyo, na kazi ilipokwisha akarejea kivulini kwa hiari yake.

Bonde la makaa ya mawe

Murphy alizaliwa Agosti 8, 1910 katika kijiji cha Ton Pentre, bonde la Rhondda, kusini mwa Wales. Babake alikuwa na asili ya Ireland ilhali mamake alikuwa mwenyeji wa Wales.

Rhondda ya enzi hizo iliishi kwa makaa ya mawe. Wavulana wengi waliacha shule wakiwa wangali wadogo, wakashuka migodini walikoshuka baba na babu zao. Aliyetaka kuikwepa njia hiyo alihitaji kipaji.

Murphy alijaliwa vipaji viwili. Kwanza alikuwa mwanamuziki aliyepiga piano na ogani, akahudumu kanisani angali kijana. Pili alikuwa mwanasoka, na hatimaye kipaji hicho cha pili ndicho kilichomtoa kijijini. Mnamo 1928 alijiunga na West Bromwich Albion, klabu ya eneo la kati la Uingereza.

Uwanjani hakuwa na madoido. Alicheza katika safu ya kati, kazi yake ikiwa kumnyang'anya mpinzani mpira na kuutia miguuni mwa mwenzake aliye mbele. Aliwakabili wapinzani kwa nguvu na bila woga, na wengi walioonja makali yake hawakutamani kukutana naye tena.

Aliichezea West Brom zaidi ya mechi 200 za ligi. Mnamo 1935 alishuka nayo dimbani katika fainali ya Kombe la FA uwanjani Wembley, ila wakalazwa 4-2 na Sheffield Wednesday. Aidha, aliiwakilisha Wales mara 15 na kuwahi kuwa nahodha wake.

Mnamo 1939 alihamia Swindon Town. Miezi michache baadaye Vita vya Pili vya Dunia vikazuka, na taaluma yake ya uchezaji ikakatika akiwa na umri wa miaka 29.

Sauti iliyosikika Bari

Murphy alijiunga na jeshi la Uingereza na kupelekwa Afrika Kaskazini, kisha Italia. Vita vilipokaribia tamati mnamo 1945, alikuwa katika mji wa bandari wa Bari, kusini mwa Italia, akisimamia michezo ya wanajeshi.

Siku moja alikuwa akizungumza na kikosi cha wanajeshi waliokuwa wakicheza soka. Aliwaeleza jinsi ya kukaba, jinsi ya kutoa pasi na sababu za kumheshimu mwenzako aliye kushoto na kulia kwako. Alizungumza kwa moto, mikono ikipepea, kana kwamba mechi hiyo ya kujipitishia wakati ilikuwa fainali ya kombe.

Miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza alikuwemo Matt Busby, Mskoti aliyewahi kuzichezea Manchester City na Liverpool. Wawili hao walifahamiana tangu enzi za kukabiliana viwanjani. Busby alikuwa tayari amekubali kuwa meneja wa Manchester United na alikuwa akiongoza timu ya jeshi iliyozuru Italia.

Alichokisikia kilimtosha. Hakuitisha barua za maombi wala kuwahoji watu kumi. Alimwendea Murphy papo hapo na kumwalika aje amsaidie Manchester vita vitakapomalizika. Murphy alikubali, na mnamo 1946 akaripoti kazini. Ndiyo sababu wapo wanaosema kwamba mtu wa kwanza kusajiliwa na Busby hakuwa mchezaji, bali kocha.

Kazi aliyoikuta haikuwa ya kutamanika. Uwanja wa Old Trafford ulikuwa umebomolewa na mabomu ya ndege za Ujerumani mnamo Machi 1941. Klabu ilikuwa na madeni na ililazimika kukodi uga wa Maine Road, nyumbani kwa mahasimu wao Manchester City. Ilirejea kwake mnamo Agosti 1949.

Chungu na mafiga yake

Busby na Murphy walikuwa kama mchana na usiku. Busby alikuwa mtulivu, mwenye suti nadhifu na sauti ya chini. Alizungumza na wakurugenzi, akawapokea wanahabari na kutoa uamuzi wa mwisho kuhusu kikosi.

Murphy alikuwa mtu wa matope. Alivaa nguo za mazoezi, akapaza sauti hadi ikakauka na kucheza na vijana hadi jasho likamtoka. Mchezaji aliyezembea alikiona cha mtema kuni, lakini aliyeumia moyo alimkuta Murphy huyo huyo kando yake, akimfariji kama mzazi.

Mwanzoni alikabidhiwa kikosi cha akiba. Inasimuliwa kwamba baada ya kukichunguza kwa muda, alimweleza Busby bila kumung'unya maneno kuwa humo hamkuwa na hata mmoja wa kutegemewa na kikosi cha kwanza. Msaidizi mwingine angeficha ukweli huo kwa kuhofia kibarua chake. Busby aliupokea, na wawili hao wakaamua kuanza upya kwa kuwalea vijana wao wenyewe.

Kikosi cha wakongwe kilishinda Kombe la FA mnamo 1948 kwa kuichapa Blackpool 4-2, kisha kikatwaa ubingwa wa ligi mnamo 1952. Huku wakongwe hao wakishangiliwa, mavuno mengine yalikuwa yakiiva chini chini. Wasakaji wa vipaji walizunguka Uingereza, Scotland, Wales na Ireland wakitafuta wavulana wa miaka 15. Waliopatikana walikabidhiwa Murphy na kocha mwenzake Bert Whalley.

Matokeo yalionekana upesi. Kombe la FA la Vijana lilipoanzishwa msimu wa 1952-53, United ililibeba kwa kuilima Wolverhampton Wanderers jumla ya mabao 9-3 katika fainali ya mikondo miwili. Iliendelea kulibeba kwa miaka mitano mfululizo, hadi 1957.

Miongoni mwa vijana hao alikuwemo Duncan Edwards, aliyechezea kikosi cha kwanza akiwa na umri wa miaka 16 na timu ya taifa ya Uingereza akiwa na miaka 18. Murphy alimpenda mno. Alipokuwa akiiandaa Wales kucheza dhidi ya Uingereza, aliwachambua wapinzani mmoja baada ya mwingine akieleza udhaifu wa kila mmoja, lakini jina la Edwards akaliruka. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba kuhusu kijana huyo hakuwa na neno ambalo lingewasaidia.

Mwingine alikuwa Bobby Charlton. Alipowasili 1953 alikuwa na kipaji kikubwa lakini alipenda kupiga pasi ndefu za kupendeza macho ambazo mara nyingi ziliishia kwa mpinzani. Murphy alimchukua peke yake, mara kwa mara, baada ya wenzake kwenda zao. Alimfunza kutoa pasi fupi na kusogea, na kupiga shuti bila kupoteza muda kulitazama lango, kwa kuwa lango halihami. Charlton, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mnamo 1966, alikiri hadi uzeeni kuwa Murphy ndiye aliyemfundisha soka.

Mnamo 1955 Murphy alipandishwa cheo na kuwa meneja msaidizi. Msimu uliofuata vijana wake walitwaa ubingwa wa ligi kwa mwanya wa pointi 11, kikosi kikiwa na wastani wa umri wa takriban miaka 22. Mnamo 1957 wakautetea ubingwa huo, na wakawa klabu ya kwanza ya Uingereza kushiriki Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Walifika nusu-fainali na kuzidiwa maarifa na Real Madrid pekee. Magazeti yakawaita watoto wa Busby, japo waliokuwa karibu na klabu walijua ni nani aliyewalea.

Kiti cha Bert Whalley

Tangu 1956 Murphy alikuwa na jukumu la pili, la kuinoa timu ya taifa ya Wales. Jukumu hilo lilimlazimu kuiacha United siku chache kila taifa lake lilipokuwa na mechi.

Mapema 1958, Wales ilipata bahati ya mtende. Ilikuwa imemaliza ya pili katika kundi lake la kufuzu kwa Kombe la Dunia, na tumaini lilikuwa limezimika. Lakini mataifa yaliyopangwa na Israel katika kanda ya Asia na Afrika yalikataa kucheza nayo kwa sababu za kisiasa. FIFA ikaamua kwamba Israel haiwezi kufuzu bila kucheza mechi, ikapiga kura kutafuta mpinzani kati ya timu zilizomaliza za pili. Ubelgiji ilikataa. Wales ikakubali.

Mkondo wa pili wa mchujo huo ulipangwa kuchezewa Cardiff mnamo Februari 5, 1958. Siku hiyo hiyo United ilikuwa na miadi jijini Belgrade dhidi ya Red Star, katika robo-fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Murphy alitaka kuandamana na United, lakini Busby akamshauri aende akatimize wajibu wa taifa lake. Nafasi yake safarini, karibu na Busby, ilichukuliwa na Bert Whalley.

Jioni hiyo kila kitu kilikwenda sawa. Wales iliilaza Israel 2-0 na kufuzu kwa jumla ya mabao 4-0. Kule Belgrade United ilitoka sare ya 3-3 na kutinga nusu-fainali kwa jumla ya mabao 5-4.

Siku iliyofuata, Alhamisi Februari 6, ndege iliyoibeba United ilitua Munich, Ujerumani, kujaza mafuta. Theluji ilikuwa ikianguka. Marubani walijaribu kupaa mara mbili na kukatiza. Katika jaribio la tatu ndege ilishindwa kupata kasi kwenye tope la theluji lililotanda kwenye njia ya kurukia. Ilipita mwisho wa uwanja, ikavunja ua na kugonga nyumba.

Kati ya watu 44 waliokuwemo, 23 walipoteza maisha. Wanane walikuwa wachezaji: Roger Byrne aliyekuwa nahodha, Geoff Bent, Eddie Colman, Mark Jones, David Pegg, Tommy Taylor, Billy Whelan na Duncan Edwards. Waliangamia pia katibu wa klabu Walter Crickmer, mkufunzi Tom Curry na Bert Whalley.

Wakati huo Murphy alikuwa ametoka Cardiff kwa gari moshi na kuwasili Old Trafford akiwa na furaha ya ushindi. Katibu wa ofisi ya Busby alimpa habari hizo, akalazimika kuzirudia kabla hazijamwingia akilini. Murphy aliingia ofisini mwake, akafunga mlango na kulia.

Wapo wanaosema kwamba hakuna aliyemsikia akilitaja jina la Whalley bila sauti yake kubadilika. Kiti kilichomwangamiza rafiki yake kilikuwa kiti chake.

Siku kumi na tatu

Kesho yake Murphy alisafiri hadi Munich. Hospitalini alimkuta Busby ndani ya hema la oksijeni, akiwa amepakwa mafuta matakatifu wanayopewa Wakatoliki walio katika hatari ya kufa. Kwa sauti ya kunong'ona, Busby alimwomba aendelee kuipeperusha bendera ya klabu hadi atakaporejea. Alipofika kando ya kitanda cha Edwards, kijana huyo aliyekuwa mahututi aliulizia saa ya kuanza kwa mechi ya Jumamosi dhidi ya Wolves. Edwards alifariki Februari 21, akiwa na umri wa miaka 21.

Murphy alirejea Uingereza kwa gari moshi na meli pamoja na kipa Harry Gregg na beki Bill Foulkes, ambao walikuwa wamenusurika bila majeraha makubwa. Alikuwa na wachezaji hao wawili, vijana wa kikosi cha akiba, na mazishi ya kuhudhuria karibu kila siku.

Wapo waliopendekeza klabu ijiondoe mashindanoni hadi msimu mpya. Murphy alilikataa wazo hilo. Shirikisho la Soka la Uingereza lilisogeza mbele mechi ya raundi ya tano ya Kombe la FA dhidi ya Sheffield Wednesday hadi Jumatano, Februari 19. Alikuwa na siku 13 tangu siku ya ajali kuunda timu.

Hakuwa tena na katibu wala mkufunzi. Jack Crompton, aliyekuwa kipa wa United katika fainali ya 1948, aliacha kazi yake Luton Town na kurejea kusaidia. Murphy aliwahamishia wachezaji katika hoteli moja mjini Blackpool, kando ya bahari, mbali na jiji lililogubikwa na majonzi. Mchana aliendesha mazoezi, akazungumza na klabu nyingine kwa simu kutafuta wachezaji na kupanga kikosi. Usiku aliwaliwaza vijana waliowapoteza marafiki zao.

Alimsajili Ernie Taylor, fowadi mkongwe wa Blackpool mwenye umbo dogo na akili nyingi za mchezo. Kisha akamwandama Stan Crowther wa Aston Villa, aliyetia saini mkataba saa moja hivi kabla ya mechi kuanza. Crowther alikuwa tayari ameichezea Villa katika kombe hilo msimu huo na kanuni zilimkataza kuchezea klabu ya pili, lakini wasimamizi wa soka waliilegeza kanuni hiyo kwa ajili ya United.

Usiku huo karibu watu 60,000 walifurika Old Trafford. Katika kijitabu cha mechi, upande wa Manchester United, nafasi za majina 11 zilikuwa tupu. Kitabu kilipopelekwa mitamboni, Murphy mwenyewe hakujua nani angecheza.

Hatimaye majina yalipotangazwa, mashabiki wengi walikuwa hawajawahi kuyasikia baadhi yake. Shay Brennan, kijana aliyekuwa akiichezea klabu kwa mara ya kwanza na ambaye hakuwa winga kwa kawaida, alipangwa pembeni kushoto. Alifunga mabao mawili. Alex Dawson, aliyebakisha siku mbili kutimiza miaka 18, akaongeza la tatu. United ikashinda 3-0.

Wachezaji wa Sheffield Wednesday walikiri baadaye kwamba usiku huo ilikuwa vigumu kwao kucheza kama kawaida. Takriban taifa zima lilikuwa upande wa pili.

Njia ya kwenda Wembley

Kikosi hicho cha kuungaunga hakikuwa na pumzi ya kutosha kwa ligi. Katika mechi 14 zilizosalia kilishinda moja tu na kumaliza katika nafasi ya tisa. Lakini kwenye Kombe la FA kilicheza kama kilichopagawa.

Charlton, aliyejeruhiwa kichwani Munich, alirejea mapema Machi kwa robo-fainali dhidi ya West Brom, klabu ya zamani ya Murphy. Timu hizo zilitoka sare ya 2-2, na katika marudiano United ikapenya 1-0 dakika za mwisho. Katika nusu-fainali ilitoka 2-2 na Fulham, kisha ikaibuka mshindi 5-3 katika marudiano uwanjani Highbury, London. Dawson alifunga matatu.

Mei 3, 1958, Murphy aliiongoza United kuingia Wembley. Jezi za wachezaji zilikuwa na nembo ya finiksi, yule ndege wa hadithi anayefufuka kutoka majivuni. Busby alikuwepo, akitembea kwa mkongojo, lakini timu iliendelea kuwa mikononi mwa msaidizi wake.

Hadithi haikumalizika kama wengi walivyotamani. Nat Lofthouse aliifungia Bolton Wanderers mabao mawili, la pili likizua utata baada ya kumvaa kipa Gregg kwa kishindo. Bolton ilishinda 2-0.

Siku tano baadaye United iliichapa AC Milan 2-1 Old Trafford katika nusu-fainali ya Ulaya. Charlton hakuwepo katika mikondo yote miwili kwa kuwa alikuwa ameitwa na timu ya taifa. Katika mkondo wa pili jijini Milan, vijana hao walichoka na kulimwa 4-0.

Hawakupata kombe lolote. Hata hivyo, klabu ambayo mwezi Februari ilidhaniwa kuwa imekufa ilikuwa imefika fainali moja na nusu-fainali ya Ulaya ndani ya miezi mitatu.

Pelé amzima

Murphy hakupata muda wa kupumzika. Mwezi uliofuata alikuwa Sweden na Wales, katika Kombe la Dunia lililokuwa la kwanza kwa taifa hilo.

Wachache waliipa Wales nafasi ya kusonga mbele. Ilitoka 1-1 na Hungary, 1-1 na Mexico na 0-0 na wenyeji Sweden. Ilibidi irudiane na Hungary kuamua nani aingie robo-fainali, na vijana wa Murphy wakatoka nyuma na kushinda 2-1. Ushindi huo uliwagharimu, kwani nyota wao John Charles alichezewa visivyo na kuumia.

Bila Charles, Wales ilikutana na Brazil mjini Gothenburg mnamo Juni 19. Kipa Jack Kelsey na mabeki wake waliizuia Brazil kwa zaidi ya saa moja. Kisha kijana wa miaka 17 akaugeuza mpira ndani ya kijisanduku na kuusukuma wavuni. Lilikuwa bao pekee la mechi hiyo na la kwanza la Pelé katika Kombe la Dunia. Brazil ilitawazwa bingwa.

Wales ilisubiri miaka 64, hadi 2022, kabla ya kucheza tena katika fainali za Kombe la Dunia. Ile robo-fainali ya 1958 ndiyo hatua ya juu zaidi ambayo taifa hilo limewahi kufikia.

Arudisha funguo

Baada ya msimu huo jina la Murphy lilikuwa midomoni mwa wengi. Inaaminika kuwa klabu kubwa, zikiwemo Arsenal na Juventus, zilimtaka awe kocha mkuu, na hata Brazil ilimmezea mate. Alikuwa na umri wa miaka 48, na alikuwa ametoka kuthibitisha kwamba anaweza kuongoza timu katika hali ngumu kuliko zote.

Alizikataa ofa hizo. Busby alipopata nafuu ya kutosha kurejea kazini msimu wa 1958-59, Murphy alimkabidhi ofisi na kurudi uwanjani kwa vijana wake. Msimu huo United ilimaliza ya pili ligini.

Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa mtu asiye na makuu, na wapo waliouona kuwa wa mtu aliyejijua. Murphy hakupenda hafla, hotuba mbele ya wanahabari wala mikutano ya wakurugenzi. Furaha yake ilikuwa kumchukua mvulana wa miaka 15 asiyejua kutumia mguu wa kushoto na kumfunza hadi aujue. Kazi hiyo aliiona kuwa kubwa kama ya Busby, na hakuhitaji cheo cha kuithibitisha.

Tofauti na yeye, Bob Paisley wa Liverpool alitoka kuwa msaidizi wa Bill Shankly hadi kuwa meneja mnamo 1974, akashinda Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mara tatu. Njia zote mbili ni za heshima. Soka haina budi kuwa na wasaidizi wanaoweza kurithi kiti, na wengine ambao thamani yao ni kuhakikisha kiti hicho kinasimama imara.

Katika miaka iliyofuata, United ilijengwa tena. Wachezaji ghali walinunuliwa, lakini kikosi cha vijana kiliendelea kumtoa mmoja baada ya mwingine: Nobby Stiles, George Best, John Aston, Brian Kidd. Kombe la FA lilipatikana 1963, na ubingwa wa ligi 1965 na 1967.

Mei 29, 1968, miaka kumi baada ya Munich, United iliichabanga Benfica 4-1 katika muda wa ziada uwanjani Wembley na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Charlton alifunga mawili, Best moja, na Kidd, aliyekuwa akitimiza miaka 19 siku hiyo, jingine. Foulkes alikuwa beki wa kati. Beki wa kulia alikuwa Shay Brennan, yule kijana wa usiku wa Februari 19.

Mwaka huo Busby alitunukiwa hadhi ya Sir. Murphy alibaki kuwa Jimmy.

Alichokiacha

Murphy alistaafu usaidizi mnamo 1971. Hata hivyo, hakuachana na klabu, kwani aliendelea kuisakia vipaji. Mawinga Steve Coppell na Gordon Hill, waliosajiliwa katika miaka ya sabini kutoka klabu za madaraja ya chini, walipita chini ya jicho lake.

Alifariki Novemba 14, 1989 akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka uliofuata klabu ilianza kutoa tuzo yenye jina lake kwa mchezaji bora chipukizi wa kila msimu. Miongoni mwa waliowahi kuitwaa ni Ryan Giggs, mzaliwa wa Wales kama yeye, na Paul Scholes. Mnamo Mei 2023 sanamu yake ilizinduliwa Old Trafford, zaidi ya miongo mitatu baada ya kifo chake na miaka 27 baada ya ile ya Busby.

Mgala muue na haki yake mpe. Busby ndiye aliyekuwa na maono, na hakuna anayeweza kumpokonya sifa hiyo. Lakini maono hayo yalihitaji mtu wa kuyatia kwenye miguu ya wavulana kila asubuhi, na mtu wa kuyalinda wakati mwenyewe alipokuwa akipigania uhai wake hospitalini.

Wakurugenzi wa klabu, hapa nyumbani na kwingineko, wangali wanaajiri wasaidizi kwa kujuana au kumtafuta mtu asiyeweza kumtishia kocha mkuu. Busby alimwajiri mtu aliyethubutu kumwambia ukweli, mwenye uwezo wa kuiongoza timu bila yeye. Siku ya msiba ilipofika, hapakuwa na wakati wa kumtafuta mwingine.